Tunakuandika kwa Bima

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewakata watoto wa watu alama kwa sababu ya irabu moja tu. Mwanafunzi akiandika "mama alinipika" badala ya "mama alinipikia," namchorea mstari mwekundu, kisha namuuliza mbele ya wenzake kama alikuwa ameiva alipopakuliwa. Darasa hucheka, nami hujiona mjuzi. Kwa hiyo kwa haya ninayosimulia siwezi kusingizia kwamba sikuijua lugha.

Nyumba yetu iko Kitale, upande ule ambao ukitembea kidogo unatokea mtaa wa mabanda wa Kipsongo. Mume wangu anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Watoto walikuwa wameshaenda shule za bweni. Siku nyingi tulikuwa wawili nyumbani, mimi na mwanamke anayenifanyia kazi, ambaye sote tunamwita Anti. Ananizidi miaka miwili. Ni mjane kutoka kijiji kilicho nyuma ya soko la Misikhu, na wakati huo alikuwa amekaa kwangu miaka minane. Alilala katika chumba cha uani, na humo alikuwa na cherehani aliyoinunua kwa kujinyima sana. Jioni, akimaliza kazi zangu, alishona sare za shule za watoto wa jirani. Alikuwa akiniambia kila mara kwamba siku moja atarudi kwao na cherehani hiyo, akodi kibanda hapo sokoni, asiitwe tena na mtu yeyote kupika chai. Alisema hivyo huku akinipikia chai, nasi tulicheka pamoja.

Kufuli la chumba chake lilikuwa bovu. Niliahidi kulibadilisha, nikaahidi tena. Kwa hiyo kila jioni alipomaliza kushona aliibeba ile cherehani, akapita nayo uani, akaiweka katika stoo yangu ndani ya nyumba kubwa yenye vyuma madirishani. Asubuhi aliitoa. Nilizoea kusikia anavyohema akivuka kizingiti.

Habari ya bima ilianza na viatu. Mwalimu mwenzangu alikuwa darasani wakati hitilafu ya umeme ilipoiteketeza nyumba yake, na siku iliyofuata alikuja shuleni amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi. Tulimchangia. Lakini mimi niliviangalia vile viatu vikipwaya sakafuni, nikaona miguu yangu mle ndani. Jioni hiyo hiyo nikampigia wakala wa bima.

Alikuja Jumamosi, mwanamke mchangamfu mwenye mkoba mzito na sauti ya kanisani. Mimi nilidhani bima ya vitu vya nyumbani ina bei moja, kama mkate. Nikamwambia, "Niambie tu ni pesa ngapi." Akacheka.

"Bei inatoka kwa vitu vyako mwenyewe, Mwalimu. Twende tuvione."

Tukaenda chumba kwa chumba. Kila kitu tulikiandika pamoja na bei ya kukinunua leo dukani, si bei niliyokinunulia zamani. Jumla ya vitu vyote ikipatikana, kampuni hutoza sehemu ndogo ya jumla hiyo kwa mwaka. Halafu kuna maswali yanayopandisha na kushusha: paa ni la nini, madirisha yana vyuma, kuna mlinzi, nyumba hukaa tupu siku ngapi. Simu na kompyuta zinazotoka nje ya nyumba hulipiwa peke yake, tena kwa bei ya juu, maana kitu kinachotembea hupotea upesi. Yote hayo niliyaelewa vizuri, kwa kuwa mtu anayeguswa mfukoni huelewa upesi.

Niliyaelewa, kisha nikaanza ubishi. Makochi nikasema ni ya zamani, andika nusu. Zulia nikasema lilikuwa zawadi. Friji nikaisengenya kana kwamba haikuwa imesimama pale ikisikia. Wakala akaweka kalamu chini.

"Ukiandika nusu ya thamani, Mwalimu, hata siku ya kulipwa utalipwa nusu. Hutakuwa umeokoa kitu."

Makochi yakaandikwa bei yake kamili. Kutoka chumba cha watoto tukarudi sebuleni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na chumba cha uani kilionekana kutoka pale tulipokaa, lakini sikumwambia tukione, naye hakuuliza.

Alichouliza ni hiki: "Kuna mfanyakazi anayelala hapa?"

Nikasema yuko. Akaeleza kwa sauti ile ile nzuri kwamba bima hulipa wizi wa kuvunja mlango au dirisha. Mfanyakazi akiiba, hakuvunja kitu, kwa hiyo hailipi. Lakini kuna kipengele cha kuongeza. Unalipa kidogo zaidi, jina lake na nambari ya kitambulisho vinaandikwa, na akichukua kitu unafidiwa.

"Kidogo kiasi gani?"

"Bei ya kilo mbili za nyama, Mwalimu. Kwa mwaka mzima."

Nilikuwa nimebishana juu ya zulia. Nilikuwa nimebishana juu ya pasi. Hapo sikubisha hata neno moja. Nilisema, "Weka." Nikikumbuka jinsi nilivyolitoa neno hilo haraka, natamani lile jambo lingekuwa ghali, ili angalau niseme nilifikiri.

Wakala akaendelea kueleza kwamba ningeweza pia kuongeza vitu vya mfanyakazi mwenyewe, na matibabu akiumia kazini, na kwamba vitu vyake pekee vingenigharimu kidogo kuliko hicho kipengele cha kwanza. Nikaangalia jumla ilivyokuwa imepanda. Nikasema, "Hayo tutaona mwakani."

Kisha nikamwita Anti kutoka jikoni. Hapa nayakumbuka maneno yangu moja moja, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi. Nilisema, "Anti, lete kitambulisho. Tunakuandika kwa bima."

Akaja akijifuta mikono, amekishika kitambulisho ndani ya leso ndogo aliyoifunga fundo. Akamtazama wakala, akanitazama mimi.

"Hata mimi?"

"Ndiyo," nikasema. "Hata wewe."

Wakala aliinua macho kidogo, akayarudisha kwenye karatasi. Anti alisimama pale mpaka jina lake likaandikwa lote, akilifuata kwa midomo. Alipomaliza aliniambia asante. Nikamwambia alete chai.

Lazima nieleze kidogo neno hilo lina uzito gani kwetu. Mtu "aliyeandikwa" ni mtu wa kazi ya kweli, anayejulikana ofisini, mwenye pahali pa kulalamika. Wanawake wanaofanya kazi za nyumbani hawaandikwi. Wanaingia kwa mdomo na kutoka kwa mdomo. Anti hakuwa amewahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kanisani na kwenye daftari la kura. Nilisema "tunakuandika," yeye akasikia "tunakuandikia," nami mwenye kalamu nyekundu nilisikia alivyosikia, nikajitia hamnazo.

Mwisho wa wiki ile alienda kwao. Alirudi na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, na karanga kwenye mfuko.

"Mama anakusalimia sana," akasema. "Anasema Mungu akubariki. Ati kuna watu wanakaa kwa mtu miaka ishirini na hata hawaandikwi."

Alimchinja kuku huyo mwenyewe. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mume wangu akiwapo hata mimi sithubutu kuigusa. Siku hiyo Anti aliiweka kwenye sahani yangu, peke yake, juu ya ugali. "Leo ni yako, Mwalimu." Mtu mwingine angesema ukweli hapo hapo, sahani ikiwa bado ina moto. Mimi nilikula. Nakumbuka kwamba ilikuwa imepikwa vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Siku chache baadaye niliona kwamba jioni zimekuwa kimya. Hakuna mtu aliyekuwa akihema kizingitini. Nikamuuliza, "Anti, siku hizi huleti cherehani ndani?"

"Ya nini, Mwalimu? Mgongo unaniuma bure. Si sasa iko bima?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Kumwambia kwamba cherehani haimo kwenye bima kungemfanya aulize yeye basi amo kwa ajili gani, na jibu la swali hilo sikuwa na ujasiri wa kulitamka. Nikasema, "Sawa." Nikajiambia kwamba kesho nitamtafuta fundi wa kufuli. Nilijiambia hivyo wiki kadhaa.

Agosti ikafika, na ulikuwa mwaka wa tohara, ambayo kwetu huwa kila baada ya miaka miwili. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatahiriwa nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na sote tulitakiwa kuwepo. Nilimpa Anti ruhusa aende kwao, naye kwa hiari yake akatoka Misikhu siku ya sherehe kuja kutusaidia kupika. Nyumba ya Kitale tukaiacha tupu kwa siku tatu. Kabla ya kuondoka nilizunguka mara mbili nikivuta kila mlango wa nyumba kubwa.

Bungoma kulikuwa na kelele za njuga na vumbi la watu waliocheza usiku kucha. Mimi nilikuwa nikichambua mchele na shangazi zangu chini ya turubai. Anti alikuwa kwenye sufuria kubwa, akikoroga na kuongea. Wanawake walikuwa wanasimuliana jinsi matajiri wa Kitale na Eldoret wanavyowanyanyasa wasichana wa watu. Anti akainua mwiko.

"Si wote, bana," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Mimi Mwarimu ameniandikia bima. Mimi na vitu vyangu. Waliitisha kitambulisho, nikaona wakiandika kwa macho yangu."

Shangazi yangu mkubwa akapiga kigelegele. Akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye unga, akawaambia wale wengine, "Mnaona? Huyu ni wa kwetu. Kusoma hakukumharibu." Mwingine akaniombea hapo hapo. Nilivishwa kilemba cha ukoka mbele ya ukoo mzima, nami nikainamisha kichwa ili kinikae vizuri. Jambo baya ni kwamba kwa dakika kadhaa niliamini. Nilijiona kweli mtu mwema, nikafurahi.

Tulirudi Kitale Jumatatu, Anti na mimi pamoja. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa salama. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umeegeshwa tu, na kufuli bovu lilikuwa chini kwenye nyasi. Walichukua cherehani, godoro, redio, blanketi, na vitambaa vya sare ambavyo wateja walikuwa wameshalipia. Hata pazia la mlangoni walilichomoa.

Nilianza kulia. Anti hakulia. Alizunguka chumba akiangalia chini, kisha akaja akanishika bega.

"Nyamaza, Mwalimu. Ni vitu tu. Si iko bima?"

Akaingia jikoni akawasha gesi.

Nilikwenda bafuni na simu, nikafungua maji yatiririke ili asisikie, nikampigia wakala. Nilimuuliza kwa njia ya kuzunguka, kana kwamba ni swali la rafiki yangu. Hakuhangaika kuzunguka.

"Vitu vya Anti havimo, Mwalimu. Nilikueleza, ukasema mwakani." Kisha akaongeza, si kwa ubaya, "Na ilikuwa bei ndogo sana."

Usiku na mchana uliofuata nilipanga uongo wa pili. Ningenunua cherehani mpya kimya kimya, nimwambie bima imelipa, mambo yaishe. Niliuona kuwa mpango mzuri, hata wa huruma. Labda ningeufanya. Lakini Jumanne jioni Anti alikuja mezani nilipokuwa nikisahihisha, akaweka mbele yangu daftari la mazoezi.

"Hawa watu wa bima wakikuja wasipoteze wakati," akasema. "Nimeandika."

Ilikuwa orodha. Siku ile ya wakala, tulipopita jikoni tukiandika vyombo, alikuwa amesikia jinsi bei zinavyoandikwa, akashika. Vitu vilikuwa upande mmoja, na upande wa pili bei ya kununua leo. Alikuwa amekwenda madukani mjini kuuliza. Cherehani. Godoro. Blanketi mbili. Vitambaa, na mbele ya kila kipande jina la mteja. Kwenye redio alikuwa ameandika bei, akaikata, akaandika nyingine ya chini.

"Kwa nini umekata hapa?"

"Hiyo redio ilikuwa inashika stesheni moja tu. Siwezi kuitisha ya mpya. Hiyo itakuwa ni kuwaibia."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Niliiweka chini, nikamwambia aketi. Nikamwambia vitu vyake havimo kwenye bima.

Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Na hapa nilifanya jambo ambalo hata leo, nikilikumbuka nikiwa barabarani, husimama na kufumba macho. Nilijitetea kwa sarufi. Nilimwambia, "Anti, mimi nilisema tunakuandika. Sikusema tunakuandikia."

"Hiyo sijasoma, Mwalimu," akasema taratibu, lafudhi ya kwao ikimrudia. "Sasa kama si vitu vyangu, jina langu riko huko kwa kalatasi rinafanya nini?"

Nikamwambia. Nilisema haraka nikiangalia madaftari. Nilisema ni kampuni inayotaka, ni utaratibu, kila mtu hufanya. Sauti yangu mwenyewe ilinichosha, nikaacha.

Alilikunja daftari lake katikati, kisha tena katikati.

"Kwa hivyo mimi ndio mwizi wa hiyo kalatasi."

"Hapana, Anti. Hapana."

"Ulilipa pesa ngapi?"

"Kidogo."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Akauliza ile ya vitu vyake ingekuwa ngapi, nikamwambia hiyo pia. Alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji na kuhakikisha iko sawa. Akainuka, akaniuliza kama nitakula ugali au mchele. Alipika ugali.

Cherehani nilinunua wiki hiyo, pamoja na godoro na vitambaa vyote vya wateja. Kufuli lilibadilishwa siku moja. Ilikuwa kazi ya nusu saa, nilisimama pale nikimwangalia fundi na kufikiria wiki zote nilizokuwa nikisema kesho. Anti alivikubali vitu, maana alikuwa na sare za kushona na wateja hawangoji aibu yangu iishe. Lakini pale dukani alimwomba muuzaji aandike risiti kwa jina lake yeye, si langu. Muuzaji akashangaa, kwa kuwa aliyelipa ni mimi.

"Andika tu," Anti akamwambia. "Nisije nikaulizwa nimeitoa wapi."

Sijui kwao alisema nini. Salamu za mama yake zilikoma, na mimi sikuuliza. Simu za shangazi zangu ziliendelea, kila moja ikianza kwa kunisifu, mpaka siku moja nikamwambia yule mkubwa ukweli. Akasema salio lake linaisha.

Mwaka ulipokwisha wakala alinipigia kuhusu kuendelea na bima. Nilimwambia aondoe kile kipengele, na aweke vitu vya Anti vyote pamoja na matibabu yake. Safari hii tulikwenda chumba cha uani, Anti akiwapo, na bei alizitaja mwenyewe. Jumla ilibadilika kidogo tu, hata wakala hakuitaja. Karatasi mpya ilipofika nilimpa Anti aisome. Aliifuata kwa kidole mpaka chini, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema asante.

Nilidhani tumemaliza. Jumamosi ile, akienda kwao, alisimama kwenye mlango wa jikoni na mkoba wake. Akaufungua, akatoa kila kitu juu ya meza: leso, sabuni, mkate wa mama yake, Biblia, chupi zake zilizokunjwa ndani ya mfuko. Kisha akaugeuza mkoba na kuukung'uta.

"Angalia, Mwalimu."

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia bima imebadilishwa, amesoma mwenyewe. Alisema anajua, na kwamba hana hasira na mimi, na nadhani alisema kweli. Alirudisha vitu mkobani, kimoja kimoja, akaenda. Jumamosi iliyofuata alifanya hivyo tena, na nyingine, na nyingine. Nami kila mara niligeuka dirishani, nikakaa nimempa mgongo mpaka nisikie zipu imefungwa.

Mwezi uliopita hereni zangu za harusi zilipotea. Nilizitafuta siku mbili, chini ya kitanda, kwenye kabati, ndani ya viatu. Sikumwambia Anti. Jumamosi ikafika, akaja kwenye mlango wa jikoni, akafungua mkoba, akaanza kupanga vitu mezani kama kawaida. "Angalia, Mwalimu," akasema. Nami sikugeuka dirishani. Niliangalia, naye akaniona nikiangalia.